Hukumu ya Kuweka Boti na Gari Katika Ardhi ya Umma

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), jamaa zake, Maswahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema.

Amma ba‘d. Ndugu zetu wa mwambao wamekuwa wakituuliza kuhusu mtu anayepandisha boti yake pwani akaiacha hapo miezi au miaka, na anayeegesha gari lake katika uwanja wa mtaa mpaka majani yakaota chini yake. Je, mahali hapo pamekuwa pake? Je, anapata dhambi? Baadhi ya watu wakiambiwa hujibu kuwa ardhi ni ya Allah, kwa hiyo hakuna wa kuwaondoa. Neno hilo ni kweli, lakini linawapinga wao wenyewe: kwa kuwa ni ya Allah na Ameijaalia kwa waja Wake wote, mmoja hana haki ya kuwafungia wengine.

Ardhi ya umma ni ipi?

Katika fiqhi ni ile ambayo manufaa yake ni ya watu wote: njia, viwanja vya wazi, masoko, kingo za mito na ufukwe wa bahari. Sheria za nchi zetu zinakubaliana na maana hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 62, inahesabu barabara na eneo lote lililo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni.

Dalili za msingi

1. Maswahaba walitaka kumjengea Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) nyumba ya kivuli huko Mina. Alikataa, akaeleza kuwa Mina ni kituo cha aliyetangulia kufika. Ameipokea at-Tirmidhi kutoka kwa Bibi ‘Aisha (Radhiya Allahu ‘anha). Tunafahamu hapa kuwa kutangulia kunampa mtu haki ya kutumia, wala hakumpi milki.

2. Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa aliyeinuka mahali pake kisha akarejea, yeye ana haki zaidi ya mahali hapo. Kwa hiyo mvuvi aliyekwenda baharini usiku hapotezi nafasi yake kwa kuwa haonekani asubuhi.

3. Abyadh bin Hammal aliomba apewe machimbo ya chumvi ya Ma’rib, akapewa. Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) alipoarifiwa kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokatika, wanayoyategemea watu wote, aliirudisha. Wameipokea Abu Dawud na at-Tirmidhi.

4. Al-Bukhari na Muslim wamepokea onyo kali kwa anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma, kwamba Siku ya Qiyama atavishwa shingoni ardhi saba.

Maneno ya wanachuoni

Imamu an-Nawawi, katika Minhaj at-Talibin, ameeleza kuwa manufaa ya asili ya njia ni kupita, na inajuzu kukaa hapo kwa kupumzika au kufanya biashara maadamu wapitao hawabanwi. Hahitaji hata idhini ya mtawala. Akiondoka kwa nia ya kurejea, haki yake inabaki mpaka ghaibu yake irefuke kiasi cha wateja wake kumkata na kwenda kwa wengine. Ama kujenga kibaraza au kupanda mti njiani, ameharamisha. Imamu as-Suyuti naye aliandika risala maalumu kuwapinga waliokuwa wakijisogeza na kujenga ukingoni mwa Mto Nile.

Kutokana na hayo tunapata kanuni moja: haki ya mtu katika ardhi ya umma inaishi pamoja na matumizi yake. Matumizi yakifa, haki nayo imekufa.

Masuala yanayoulizwa sana

*Chombo kinachofanya kazi.* Ngalawa, mashua au boti ya matembezi inayokwenda na kurudi inajuzu kuwekwa dikoni, kwa sharti isizibe njia ya wengine kushusha na kupandisha vyombo vyao.

*Chombo kilichopandishwa kwa matengenezo.* Inajuzu kwa muda wa kukalafati, kupaka rangi au kusubiri kusi itulie. Muda huo unajulikana kwa ada ya mabaharia wa mahali hapo.

*Chombo kilichotelekezwa.* Boti iliyooza mbao, au gari lisilo na magurudumu, ambalo mwenyewe halitengenezi wala halitumii, ni wajibu wake kuliondoa. Kuliacha ni kuwadhuru watu, na Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) amekataza kudhuru. Mtu akijikwaa usiku kwenye nanga au kamba iliyowekwa pasipostahiki akaumia, mwenye chombo anawajibika.

*Kujenga banda, kumwaga zege au kuweka uzio.* Haijuzu, hata kama ni kwa ajili ya kuhifadhi chombo tu, kwa sababu huko ni kugeuza matumizi kuwa milki.

*Kukodisha mahali.* Wapo waliozoea kuwatoza wageni wenye boti za matembezi pesa kwa sababu tu wao walianza kuweka vyombo hapo. Hiyo ni kula mali ya watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratul Baqarah, aya ya 188. Ama anayelipwa kwa kulinda boti usiku au kusaidia kuivuta, ujira wake ni halali, kwa kuwa ni malipo ya kazi, si ya ardhi.

*Mirathi.* Mtu akifa, chombo chake kinarithiwa. Mahali kiliposimama haparithiwi. Warithi wakitumie, wakiuze au wakiondoe, na wasigombane kwa ajili ya mchanga usiokuwa wa marehemu.

*Kiwanja cha msikiti na makaburi.* Hii si ardhi ya umma bali ni waqfu, na inafuata sharti la aliyeiweka. Haijuzu kugeuza makaburi kuwa maegesho, kwani hata kukaa juu ya kaburi kumekatazwa.

Wengine wafanye nini?

Chombo kilichotelekezwa bado ni mali ya mwenyewe. Si halali kwa yeyote kung’oa mashine, kubandua mbao wala kukichoma moto kwa kuwa kimekaa sana. Aulizwe mwenyewe kwanza kwa upole. Huenda ni mgonjwa au hana pesa za fundi, na kumsaidia kukisogeza ni sadaka. Akikataa, au asipojulikana, jambo lifikishwe kwa sheha, serikali ya mtaa au kamati ya ufukwe (BMU). Mamlaka ikikiondoa, inaweza kutoza gharama ya kukiondoa. Kikiuzwa kwa mujibu wa sheria, pesa zinazobaki ni za mwenyewe au warithi wake.

Kwa ndugu walioko Marekani

Wapo walioko huko wenye magari ya safari yenye vitanda na jiko ndani, au boti zinazovutwa kwa trela. Huko pia utumiaji umewekewa mipaka. Katika ardhi nyingi zinazosimamiwa na idara ya ardhi ya serikali kuu (BLM), kupiga kambi kwa kawaida huruhusiwa siku 14 ndani ya kipindi cha siku 28. Katika jiji la Los Angeles, gari halipaswi kuachwa mahali pamoja barabarani zaidi ya saa 72. Muislamu anayeishi katika nchi kwa makubaliano anapaswa kuyatimiza, kama ilivyoamrishwa mwanzo wa Suratul Maidah, na hasa kwa kuwa kanuni hizi zinalinda haki ya wengine.

Nasaha

Ndugu yetu katika imani, mvuvi maskini anayerudi alfajiri wakati wa bamvua akakuta pwani imejaa mabovu, hulazimika kutia nanga nje, na upepo ukigeuka chombo chake huvunjika mwambani. Hiyo ndiyo riziki ya watoto wake. Kuondoa kiudhi njiani ni katika matawi ya imani. Basi ni vipi hali ya mwenye kukiweka? Aliye na chombo cha namna hiyo akiondoe akiwa hai na mzima, kabla warithi hawajaachiwa mzigo, na awaombe radhi aliowabana.

Na Allah Ndiye Mjuzi zaidi.