Gogo: bwawa lililojengewa mgodi

UZI. Kila kampeni ikifika Muhuru Bay lazima mtu aahidi bwawa: umeme, kazi kwa vijana, mafuriko kwisha. Jamani, Migori tuna bwawa tangu ukoloni.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 mto Kuja ulizuiwa pale maporomoko ya Gogo. Si kwa ajili ya vijiji. Umeme wake, megawati 2 tu, ulikuwa wa mgodi wa Macalder, wa shaba na dhahabu. Mgodi ukafungwa 1966, bwawa likabaki, umeme ukaingia gridi ya taifa.

Na wavuvi wa omena miaka hiyo waliwasha nini usiku ziwani? Karabai! Mafuta ya taa ya kununua kila siku ya kazi. (Hesabu hiyo sijawahi kuisikia jukwaani.)

Mafuriko je? Gogo ni dogo na tope limejikusanya humo. Kuja ikifura kutoka milima ya Kisii, maji yanapita tu hadi Kadem, yanazoa mahindi na nyumba.

Sasa KenGen ina mpango wa kupandisha Gogo izidi megawati 8. Sawa, karibu. Lakini umeme wa gridi haushushi bili ya Muhuru, bei ni moja nchi nzima.

Kwa hiyo akirudi, muulize: hilo bwawa ni la kushika maji ya mafuriko ama la umeme tu? Fidia ya mashamba imetengwa? Na mtambo wa barafu ya samaki pale ufuoni uko kwenye bajeti gani?