Historia ya Kupima Dioksidi ya Salfa Angani, na Haja ya Kuipa Jina Moja

Mgeni afikaye Pasiansi, kando ya Ziwa Viktoria jijini Mwanza, aweza siku nyingine kuona nguzo nyeusi zikipanda juu ya maji, akadhani ni moshi wa chombo kinachoungua. Mvuvi aliye karibu naye hashtuki, kwani ajua kwamba ni makundi ya wadudu wadogo wa ziwani. Wote wawili wameona kitu kimoja, lakini ni mmoja tu aliye na jina lake. Tumeanza na mfano huu kwa sababu historia tunayokusudia kuieleza, yaani ile ya kupima dioksidi ya salfa katika anga ya juu ya nchi na bahari za tropiki, ni historia ya kitu kilichoonekana kwanza kwa jina la kitu kingine.

Molekuli ya gesi hiyo ina atomu moja ya salfa na mbili za oksijeni. Hutoka katika volkeno, na pia katika kuchomwa kwa makaa ya mawe na mafuta. Ikifika katika stratosfea, yaani tabaka la angahewa ambalo katika tropiki huanzia kama kilomita 17 juu ya usawa wa bahari, hugeuka baada ya majuma kadhaa kuwa matone madogo mno ya asidi ya salfa. Matone hayo hurudisha sehemu ya mwanga wa jua na kuipoza dunia. Kuwapo kwa tabaka la chembe hizo kulithibitishwa na Christian Junge na wenzake, waliorusha maputo yenye vifaa vya kunasia chembe na kutangaza matokeo yao mwaka 1961. Hata hivyo, kujua chembe ziko juu si sawa na kujua ni gesi kiasi gani iliyopanda kuzifanya.

Kipimo hicho kilipatikana kwa bahati. Mwezi Oktoba 1978 Marekani ilirusha setilaiti iitwayo Nimbus-7, yenye spektromita iliyokusudiwa kupima ozoni. Chombo hicho kilipima miali ya urujuanimno inayorudi kutoka angani. Palipo na ozoni nyingi, miali hiyo hufyonzwa zaidi. Mwaka 1982 volkeno ya El Chichón nchini Mexico ililipuka, na ramani za setilaiti zikaonyesha kitu kilichofanana na lundo la ozoni ya kiasi kisichosadikika. Mwaka 1983 Arlin Krueger, mtaalamu wa NASA, alieleza kwamba ile haikuwa ozoni. Ilikuwa dioksidi ya salfa, ambayo nayo hufyonza miali ya aina hiyo hiyo. Kilichodhaniwa kuwa kosa kikawa kipimo kipya.

Tangu hapo mawingu ya gesi hiyo yaliweza kufuatwa hata juu ya bahari zisizo na kituo chochote cha hali ya hewa. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwezi Juni 1991, ulitoa tani zinazokadiriwa kuwa kati ya milioni 15 na milioni 20, na wingu lake likaizunguka dunia kwa muda wa majuma matatu hivi. Aidha, rekodi za setilaiti tangu mwisho wa miaka ya 1970 zilionyesha kwamba Nyamulagira, iliyo katika milima ya Virunga mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa volkeno zinazotoa gesi hii kwa wingi zaidi duniani. Virunga si mbali nasi: kutoka Pasiansi kwenda Goma, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 400 tu.

Njia ya pili ni ile ya maputo. Nairobi ni mojawapo ya vituo vya tropiki ambavyo, tangu miaka ya 1990, hurusha maputo yenye vipimio vya ozoni. Ndani ya kipimio hicho ozoni hukutana na maji yenye iodidi ya potasiamu na kuzalisha mkondo mdogo wa umeme. Dioksidi ya salfa ikiingia humo huupunguza mkondo huo. Basi gesi ile ile iliyoifanya setilaiti ione ozoni nyingi kupita kiasi, hukifanya kipimio cha puto kione ozoni pungufu. Wataalamu wakageuza kasoro hii nayo kuwa faida. Hurusha vipimio viwili pamoja, kimoja kikiwa na chujio linaloizuia dioksidi ya salfa, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo kiasi cha gesi hiyo.

Njia ya tatu ni ndege ziendazo juu sana. Mwaka 2015 chombo cha leza kilichopakiwa katika ndege ya NASA kilipima hewa ya tropiki karibu na mpaka wa stratosfea, kikakuta sehemu kama 10 tu katika trilioni, au pungufu. Wakati ambapo volkeno zimetulia, basi, gesi inayovuka mpaka huo ni haba sana.

Haya yote yamhusu nini mfasiri, mwalimu au mtumishi wa serikali? Tutazame kwanza neno lenyewe. Kamusi za kale za Kiswahili zatoa neno "kiberiti", lenye asili ya Kiarabu, kwa maana mbili: salfa, na njiti ya kuwashia moto. Katika matumizi ya leo maana ya pili imeimeza ya kwanza. Mfasiri akiandika "gesi ya kiberiti", msomaji wa Mwanza atafikiri juu ya kiberiti cha gesi kiuzwacho dukani.

Pili, liko jambo la usalama wa watu. Wenyeji wa Goma wanalo neno "mazuku", ambalo wataalamu wa volkeno duniani wamelipokea bila kulitafsiri. Nalo ni jina la mahali pa bondeni ambapo dioksidi ya kaboni, ambayo wengi wetu huiita hewa ukaa, hutuama bila rangi wala harufu na kuua watu na mifugo. Dioksidi ya salfa ni kitu kingine. Hupanda na moshi wa volkeno, huwasha macho na kifua, na hurudi kama mvua yenye asidi iharibuyo mazao na maji yakingwayo mapaani. Ajikingaye na mazuku hana budi kutoka bondeni. Ajikingaye na dioksidi ya salfa hukaa mbali na moshi na kufunika maji yake. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mamia ya maelfu ya watu waliondoka Goma, na wengi wao lugha yao ni Kiswahili. Tangazo lisemalo "gesi ya sumu" tu halimwambii mtu kama huyo apande au ashuke.

Kwa hiyo twapendekeza "salfa" iwe jina la elementi, na "kiberiti" kiachiwe kazi kiliyo nayo. Gesi iitwe "dioksidi ya salfa", kwa muundo ule ule wa "dioksidi ya kaboni", ili mwanafunzi akijua moja aweze kuikisia ya pili. "Mazuku" lisibadilishwe, maana limekwisha kupimwa na wenye kuishi nalo. Wasomaji walio na maneno bora zaidi, hasa walimu wa sayansi na watu wa hali ya hewa wa kanda ya ziwa, twawaomba watuletee. Setilaiti ilipewa jina moja la kutafuta, na kwa miaka kadhaa ikaita kila ilichokiona kwa jina hilo. Nasi tusiwape wasomaji wetu neno moja kwa hatari mbili.