Tandale Ilivyoingia kwenye Ramani

Agosti 2011, wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vifaa vya GPS mkononi. Kata hiyo ya Kinondoni, Dar es Salaam, ilikuwa na watu zaidi ya 50,000, soko la nafaka linalotegemewa na jiji zima, shule, misikiti, makanisa na magenge yasiyohesabika. Lakini aliyefungua ramani za intaneti za wakati ule aliona barabara kubwa zinazoizunguka, na katikati hakuona kitu. Mtogole, Pakacha, Kwa Tumbo, mitaa ambayo mwenyeji yeyote angekupeleka akiwa amefumba macho, haikuwapo.

Wanafunzi hawakwenda peke yao. Walitembea na wakazi wa Tandale wenyewe, watu wanaojua kichochoro kipi hupitika masika na kipi hugeuka mto. Benki ya Dunia na shirika la Twaweza ziliwaunga mkono, na mfano walikuwa nao kwa jirani: mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walikuwa wamechora makazi yao kwa njia hiyohiyo. Kila walichokiona, bomba la maji, choo, zahanati, jalala, walikipandisha kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Yeyote anaweza kuisahihisha, kuichapa na kuitumia bila kulipa hata senti.

Uzito wa jambo hilo utauona ukikumbuka Dar es Salaam ilivyokuwa ikichorwa kabla. Mpango mkuu wa 1949 uliandaliwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb ya Uingereza. Wa 1968 uliandaliwa na kampuni ya Kanada, na wa 1979 na kampuni nyingine ya Kanada. Wataalamu walikuja, wakapima, wakahoji, wakaandika majuzuu manene, na majuzuu hayo yakakaa ofisini. Mpango wa 1979 ulikusudiwa kuliongoza jiji kwa miaka 20. Sensa ya 1978 ilikuwa imehesabu watu 843,090. Ya 2012 ilihesabu 4,364,541. Wengi wa hao walioongezeka walijenga palipokuwa na nafasi, bila kusubiri mpimaji, na hivyo ramani ya serikali na jiji lenyewe vikaachana njia. Mwenye nyumba wa Manzese au Mbagala hakuwa na namna ya kuiona ramani ya mtaa wake, achilia mbali kuikosoa.

Chuo Kikuu Ardhi chenyewe kilizaliwa ili kuziba pengo la wapimaji. Kilianza mwaka 1956 kama shule ya mafunzo ya upimaji, kikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1974, kikaingizwa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na mwaka 2007 kikasimama kama chuo kikuu kamili, palepale pembeni ya Mlimani, kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa miaka mingi wanafunzi wake walikwenda fildi, wakaandika ripoti, wakapewa alama, na ripoti zikafungiwa kabatini. Kazi nzuri ya upimaji iliishia kwenye jalada la mwanafunzi.

Miezi minne tu baada ya kazi ya Tandale, Desemba 2011, mvua kubwa kuliko zilizoonekana jijini kwa zaidi ya miaka 50 ilinyesha mfululizo. Mto Msimbazi ulifurika, watu zaidi ya 40 walikufa, na maelfu walipoteza makazi. Baadhi ya waathirika walihamishiwa Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Bila ramani ya mabonde hayo, mwokoaji asingeweza kujua njia ipi inatoka wapi. Mafuriko ya Aprili 2014 yakarudia somo hilohilo.

Mwaka 2015 ndipo kazi ya Tandale ilipopanuka na kuwa mradi wa Ramani Huria. Makao yake yalikuwa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, pale Kijitonyama kwenye kituo ambacho abiria wanakiita Sayansi. Tume ilishirikiana na Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu, manispaa, vyuo vikuu vya Ardhi na Dar es Salaam, na shirika la wachora ramani wa kujitolea la Humanitarian OpenStreetMap Team. Mamia ya wanafunzi walifanya fildi yao humo.

Kazi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Droni ilirushwa asubuhi kabla ya upepo kuchachamaa, ikarudi na picha ambazo ndani yake unaona hadi ndoo iliyoachwa uani. Wanafunzi waliketi mbele ya kompyuta wakafuatisha paa moja baada ya jingine. Kisha waliichapa ramani kwenye karatasi, wakaingia nayo mtaani. Picha ya angani inakuonyesha bati. Haikuambii kama chini ya bati kuna duka la dawa, madrasa au mashine ya kusaga. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alitembea nao, wakaandika kwa kalamu. Kwenye mitaro walisimama muda mrefu zaidi: upana kiasi gani, kina kiasi gani, umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, umeziba au unapitisha maji. Jioni karatasi zilipigwa picha na kupandishwa kwenye ramani kuu, na usiku huohuo mtu aliyeko Kampala au Jakarta aliweza kuziona.

Agosti 2015 kipindupindu kililipuka Kinondoni, kikaenea jijini na mikoani. Mwaka 1854 daktari John Snow aliweka alama za wagonjwa wa kipindupindu kwenye ramani ya Soho, London, na alama zikarundikana kandokando ya bomba moja la maji. Bila ramani inayoonyesha mabomba na vyoo, daktari wa Kinondoni hawezi hata kuanza kazi ya namna hiyo.

Hata hivyo si kila mlango ulifunguliwa kwa furaha. Desemba 2015 bomoabomoa ilianza bonde la Msimbazi, na alama ya X nyekundu ikawatia hofu watu wengi kandokando ya mto. Mtu aliyeona nyumba ya jirani yake ikivunjwa ana haki kamili ya kumuuliza kijana mwenye karatasi na kalamu: unachora kwa ajili ya nani? Swali hilo naliona zito kuliko mengi yanayojadiliwa kwenye makongamano ya sayansi huria. Ramani iliyo wazi inasomwa na mwenye nyumba, na inasomwa pia na mwenye greda. Kinachomlinda mwenye nyumba ni kuwa nayo yeye kwanza, iliyochapwa, ukutani kwenye ofisi ya mtaa, ili siku ya mkutano aweze kunyanyua kidole na kuonyesha kwamba mtaro ulizibwa na mwingine huko juu.

Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 2017, ilikwenda chini zaidi, hadi kwenye mashina. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi umekuwapo tangu enzi za TANU, lakini mipaka ya shina, yaani eneo la balozi mmoja, ilikaa kichwani mwa balozi, au mjumbe, tu. Wanafunzi walitembea na wajumbe hao, wengine wazee sana, mpaka ukielekezwa kwa mwembe, kona ya msikiti, nyumba ya fulani, na ng'ambo ya mfereji ni kwa balozi mwingine. Mjumbe akifa, mpaka ulikuwa unazikwa naye. Sasa upo kwenye ramani. Wakazi waliulizwa pia maji yalifika wapi mafuriko yaliyopita: gotini, kiunoni, dirishani. Majibu hayo, yakikusanywa nyumba kwa nyumba, ni kumbukumbu ya mto ambayo hakuna kituo cha vipimo kilichowahi kuiandika. Mwaka 2018 mkutano wa dunia wa programu huria za ramani, FOSS4G, ulifanyika Dar es Salaam, na vijana waliolelewa na kazi hii walikuwa miongoni mwa wenyeji wake.

Hapa ndipo panaponiuma. Takwimu za Ramani Huria ziko wazi, na watafiti wa mataifa mengi wanaweza kuandikia makala juu ya mafuriko ya Dar es Salaam. Makala ikitoka kwenye jarida lililofungwa, kuisoma mara moja huweza kugharimu dola 30 au zaidi. Wanazuoni waliokutana Budapest walitoa tamko Februari 2002 wakitaka matokeo ya utafiti yasomwe bure na wote. Mwaka huohuo mipango ya HINARI na PERI ilianza kuvifungulia vyuo vya nchi maskini majarida ya kimataifa, na kwa Mlimani, ambako ukame wa fedha za kigeni wa miaka ya 1980 ulikuwa umekata usajili wa majarida, hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Tangu hapo wachapishaji wengi wamehamishia bei kwa mwandishi: mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza euro 9,500 kwa makala moja iwe huru, kama shilingi milioni 26 za wakati ule. Mkazi wa Tandale alitoa kumbukumbu yake bure, mwanafunzi akaibeba kwa miguu, kisha kilichoandikwa juu yake kinaweza kuuzwa kwa mwalimu wa mwanafunzi huyo.

Sehemu ya dawa yake iko palepale Sayansi. Ni COSTECH inayotoa vibali vya utafiti nchini, na watafiti hutakiwa kurudisha ripoti zao. Ripoti hizo zipandishwe mtandaoni kando ya ramani, pamoja na tasnifu za Ardhi na Mlimani, na kila moja iwe na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili. Muhtasari huo upelekwe kwa mtendaji wa kata ambako taarifa zilikusanywa, iwe Tandale, Kigogo au Mbagala. Ofisi za watendaji zina mbao za matangazo, na nafasi ya kurasa mbili haikosekani.