Damu ya Modogashe na Malipo ya Waso

Wanaoandika habari za kuuawa kwa viongozi wa Kenya aghalabu huanza hesabu yao na Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi nyumbani kwake Nairobi mwezi wa Februari 1965, kisha wakamtaja Tom Mboya wa Julai 1969, na Josiah Mwangi Kariuki, ambaye maiti yake ilionekana katika vilima vya Ngong mwezi wa Machi 1975, na Robert Ouko wa Februari 1990. Na katika wote hao hakuna hata mmoja ambaye aliyeamuru auawe alipata kuhukumiwa. Hesabu hiyo ni ya kweli lakini ina upungufu mkubwa, kwa kuwa inaanzia Nairobi baada ya uhuru, ilhali katika nchi ya Waso, kule Korbesa na Merti na vijiji vingine vya Waborana vilivyofuata mto Ewaso Nyiro na mikoma yake, balaa hilo lilikwisha kubisha hodi tarehe 28 Juni 1963, kabla Madaraka hayajatimiza mwezi mmoja, walipouawa upande wa Modogashe Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, pamoja na Haji Galma Dido, chifu mkuu wa Waborana.

Ili kufahamu kwa nini watu wawili waliopendwa na wengi walikuwa pia wakichukiwa na wengi, yafaa tukumbuke fitina iliyokuwa imeigubika nchi ya mpaka wa kaskazini wakati ule. Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960 ilitundika bendera yenye nyota ya pembe tano, na pembe moja ilikuwa ni ya kaskazini ya Kenya. Mwaka 1962 Waingereza wakatuma tume ya watu wawili, Mnijeria mmoja na jenerali mmoja wa Kanada, kuwauliza wenyeji matakwa yao. Wasomali karibu wote walijibu kwamba wanataka kujitenga, na Waborana wa Isiolo waliosilimu walielekea upande huo huo, kwani walikuwa wamekwisha kuishi na Wasomali miaka mingi, wakiswali nao na kufanya biashara nao. Lakini Wagabra na Waborana wasiokuwa Waislamu walikataa katakata. Hivyo mpasuko haukupita baina ya kabila na kabila tu, bali ulipita katikati ya Waborana wenyewe. Mwezi wa Machi 1963 serikali ya Uingereza ikaamua kwamba Wasomali wapewe jimbo lao, lakini ndani ya Kenya. Somalia ikavunja uhusiano na Uingereza, na uchaguzi wa mwezi wa Mei ukasusiwa na watu wengi wa kaskazini.

Ndipo Wabera na Haji Galma waliposhika njia iendayo Modogashe, wakiwa na nia ya kuwasihi watu wasijitenge. Jambo hili halina budi kutazamwa vizuri. Kwa waliotaka kujitenga, mkuu wa wilaya aliyekuwa mwana wa kaskazini alikuwa wa hatari kuliko Mwingereza yeyote, maana Mwingereza alikuwa akifunga mizigo yake, na huyu alikuwa ushahidi ulio hai kwamba mtu wa huko aweza kuwa Mkenya na kutawala. Na chifu mkuu, naye ni Haji, aliivunja kwa kuwapo kwake tu ile hoja kwamba dini humlazimisha mtu kuwa upande wa Mogadishu. Waliuawa pamoja, na naamini waliokata shauri walikusudia kuzinyamazisha sauti hizo mbili kwa mara moja. Washukiwa walikuwa Wasomali waliohesabiwa kuwa wa upande wa kujitenga. Wakavuka mpaka wakaingia Somalia, na aliyewatuma hakupata kutajwa na mahakama yoyote ya Kenya.

Kisasi cha serikali, hata hivyo, hakikumfuata aliyetuma wala aliyetumwa. Mwisho wa Disemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa, vita vya shifta, yaani vya wapiganaji waliotaka kujitenga, vikaenea, na watu wa Waso, ambao chifu wao ndiye aliyemwagwa damu, wakakusanywa katika kambi za Merti na Garba Tulla. Zama hizo Waborana huziita Daaba. Mwenye mifugo alitoka kwa ruhusa na kurudi kabla ya jua kutua, kwa hiyo majani yaliyozunguka kambi yaliliwa hata mizizi, na ng'ombe wakafa wakiwa wanayatazama malisho ya mbali wasiyoweza kuyafikia. Ngamia walipigwa risasi kwa kuwa mashifta nao walitumia ngamia. Na familia iliyokuwa ikinywa maziwa ya ngamia wake asubuhi na jioni ikajikuta ikingojea unga wa msaada. Mkataba wa Arusha wa Oktoba 1967 ulivimaliza vita, lakini haukurudisha hata ndama mmoja, na wengi waliokuwa matajiri wa mifugo walijifunza kuchoma makaa, au kulima mashamba ya kumwagiliwa maji kama yale ya Malka Daka.

Jina la Wabera halikusahauliwa: lipo kwenye barabara ya katikati ya Nairobi, mbele ya maktaba ya McMillan na simba wake wa mawe. Wanaopita pale ni maelfu, na nahofu kwamba wachache mno wanajua alikufa wapi na kwa nini.

Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wa serikali wasishtakiwe kwa mambo waliyoyafanya Kaskazini Mashariki, Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu, tangu tarehe 25 Disemba 1963 hata tarehe 1 Disemba 1967. Tarehe hizo zisomwe kwa makini. Kinga ile iliwafunika walioua ngamia na walioua watu wa Waso, lakini mauaji ya Modogashe yalitokea miezi sita kabla ya kuanza kwake. Hayakufunikwa na sheria hiyo hata siku moja, na jalada lake lingeweza kufunguliwa mwaka wowote katika miaka yote hii, kama angalikuwapo mtu mwenye mamlaka aliyetaka kulifungua.