HAKUMPIGA HATA KOFI, LAKINI TALAKA IKATOKA: Safari ya India mpaka kuukubali ukatili wa akili

Wale wa tamthilia za Kihindi hii mnaijua vizuri: mama mkwe kakaa kwenye kochi kama malkia, binti mkwe analia jikoni, mume anaona kila kitu ila macho kayakaza kwenye gazeti. Hakuna aliyepigwa. Hakuna damu wala jicho lililovimba. Sasa huyo dada akiamua kwenda mahakamani atamwambia nini jaji? "Mheshimiwa, wananinunia"?

Msicheke. Hilo swali India wamehangaika nalo zaidi ya miaka mia, na majibu waliyotoa mengine yanafurahisha, mengine yanaudhi. Leo tuyapitie. Ila watu wenye kesi za miaka ya karibuni majina yao siyataji. Walikuwa watu wa kawaida tu waliokuwa wanataka kutoka kwenye ndoa, hawakuomba kuwa maarufu. Mmoja tu ndo nitamtaja, kwa sababu huyo ni historia.

Anaitwa Rukhmabai. Aliozeshwa Bombay akiwa na miaka 11, bwana harusi ana 19. Akaendelea kukaa kwa mama yake na baba yake wa kambo, ambaye alikuwa daktari, na huko akawa anasoma vitabu. Alivyokua akamwangalia yule mume aliyechaguliwa, akasema hapana, siendi. Mwaka 1884 mume akafungua kesi. Na hapa sikilizeni vizuri, hakuwa anadai talaka wala fidia. Alikuwa anadai mke. Yaani mahakama imwamuru mwanamke ahamie kwake kama vile mtu anavyodai mzigo wake bandarini.

Na hilo dai halikutoka kwenye dini ya Kihindu. Lilitoka Uingereza, kwenye mahakama zao za kanisa, Waingereza wakalibeba kwenye meli wakaja nalo. Jaji wa kwanza, mwaka 1885, mwenyewe Mwingereza, alikataa kumlazimisha binti wa watu kwenda kwa mwanaume asiyemtaka. Mji mzima ukachemka. Kesi ikakatiwa rufaa, ikarudi, na mwaka 1887 jaji mwingine akaamua: nenda kwa mumeo au nenda jela miezi sita.

Rukhmabai akajibu kwamba bora jela.

Wakati huo alikuwa ameshaandika barua kwenye gazeti la Times of India kuhusu ndoa za utotoni, bila jina lake, akijiita tu mwanamke wa Kihindu. Siku hizi tungemwita akaunti isiyo na sura. Kesi iliisha mwaka 1888 nje ya mahakama: mume akapokea rupia 2,000 akaachana na madai yake. Binti akaenda London kusoma udaktari, akarudi, akafanya kazi Surat miaka mingi. Ila kwa sheria, talaka hakuwahi kupewa. Haikuwepo.

Kwa nini haikuwepo? Kwa mafundisho ya Kihindu yaliyoandikwa, ndoa siyo mkataba. Ni sakramenti. Mnazunguka moto, mnapiga hatua saba pamoja, imeisha, mmefungwa. Baadhi ya jamii, hasa za tabaka za chini, zilikuwa na mila zao za kuachana na maisha yalikwenda. Lakini familia zilizojiona za juu, hakuna mlango. Mume angeweza kuoa mke wa pili, wa tatu. Mke angeweza kuvumilia.

Sasa hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui. Sheria ya kwanza kabisa India kusema waziwazi kwamba mateso yasiyo ya mwili nayo ni sababu ya kuvunja ndoa, waliipata wanawake Waislamu. Mwaka 1939, bado mkoloni yupo!

Ilikuwaje? Waislamu wengi wa India ni wa madhehebu ya Hanafi, na kwa tafsiri iliyotumika kule mwanamke alikuwa na njia finyu sana za kudai kuachwa. Hata mume akipotea miaka na miaka, yeye anangoja tu. Kule Punjab wakagundua njia ya panya: mwanamke anatangaza ametoka kwenye Uislamu, na ndoa inavunjika papo hapo. Fikiria mtu anafikia mahali pa kuiacha dini yake ili amwache mumewe. Wanazuoni wakashtuka. Maulana Ashraf Ali Thanawi akaandika fatwa ndefu akiruhusu kutumia maoni ya madhehebu ya Maliki, ambayo yanampa mke nafasi zaidi ya kwenda kwa kadhi. Kutoka hapo ikazaliwa sheria ya 1939. Kutoka kwenye dini peke yake hakukuvunja tena ndoa, lakini mke akapewa orodha ya sababu zake za kudai. Mojawapo: mume anayefanya maisha ya mkewe yawe ya dhiki kwa tabia ya kikatili, hata kama tabia hiyo siyo ya kumdhuru mwili.

Rudia kusoma hiyo sentensi ya mwisho. 1939. Kuna watu mtaani kwetu leo hii bado wanauliza, "kwani amekupiga?"

Wakristo wa India wao walikuwa na sheria yao ya mwaka 1869, na ile nayo ilikuwa vituko. Mume akitaka talaka, uzinzi wa mke unatosha. Mke akitaka, uzinzi wa mume hautoshi, mpaka uambatane na ukatili, kutelekezwa au kosa lingine zito juu yake. Na ukatili peke yake, bila uzinzi, haukumtoa kwenye ndoa. Hii ilikaa mpaka 2001. Ndiyo, 2001, watu tayari wana simu za mkononi.

Turudi kwa Wahindu. Baada ya uhuru, B. R. Ambedkar, waziri wa sheria na mtu aliyeongoza kuandika katiba ya India, alipeleka bungeni muswada mkubwa wa kurekebisha sheria za familia za Kihindu, talaka ikiwemo. Ukapigwa vita kwelikweli. Wakasema familia itavunjika, mila zitakufa, yaani maneno yale yale ambayo huwa yanasemwa popote mwanamke anapoomba mlango. Muswada ukakwama, na mwaka 1951 Ambedkar akajiuzulu, hiyo ikiwa ni moja ya sababu zake. Nehru akaurudisha vipande vipande, na mwaka 1955 ikapita Sheria ya Ndoa za Kihindu.

Ushindi? Nusu. Ukatili ulitajwa, lakini haukukupa talaka. Ulikupa tu kutengana kwa amri ya mahakama, mnaishi mbalimbali ila bado mume na mke. Na ulitakiwa uonyeshe kwamba una hofu ya maana kuwa kuendelea kuishi naye kutakudhuru. Lile dai lililomsumbua Rukhmabai, la kurudishiwa mwenza, nalo likawekwa kwenye sheria mpya, kifungu cha 9. Mpaka leo kipo.

Kesi ya kwanza kubwa kuhusu haya mambo ilifika Mahakama ya Juu na kuamuliwa 1975, na aliyelalamika alikuwa mwanaume. Msomi wa kilimo, mke naye msomi, ndoa ya 1956. Alidai mke anatishia kujiua, anatishia kuchoma nyumba, ameukata mkufu wa ndoa, anailaani familia nzima ya mume, usiku anawasha taa anakaa pembeni ya kitanda kumsema tu. Majaji walisema mambo mawili ambayo mawakili wa India wanayanukuu mpaka leo. La kwanza, huu siyo ushahidi wa kesi ya mauaji, hutakiwi kuthibitisha mpaka shaka yote iishe, inatosha upande wako uonekane una ukweli zaidi. La pili, mahakama isitafute mume bora na mke bora wa kwenye vitabu, iwatazame hawa wawili waliosimama mbele yake. Kinachomvunja huyu kinaweza kisimguse yule.

Wakakubali kwamba alitendewa ukatili. Halafu akashindwa kesi! Kwa nini? Kwa sababu baada ya hayo yote aliendelea kuishi naye kama mke, na mtoto mwingine akapatikana, kwa hiyo kisheria alikuwa amesamehe. Alifungua kesi 1962, kajibiwa 1975. Miaka 13 kwenda kuambiwa ulishasamehe. Mimi hapo ningekaa chini kwanza.

Mwaka uliofuata, 1976, bunge likabadilisha sheria. Ukatili ukawa sababu kamili ya talaka, lile sharti la kuonyesha hofu likaondolewa, na ikaongezwa talaka ya kukubaliana wawili. Sheria yenyewe ikasema "ukatili" tu, bila maelezo. (Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 ilishaandika wazi: ukatili wa akili au wa mwili. Mambo mengine tulikuwa mbele bwana.) India maelezo wakawaachia majaji, na majaji wakaanza kujaza.

Kesi ninayoipenda mimi ni ya 1988. Mke msomi wa sayansi, mume daktari. Mke akalalamika kwamba upande wa mume unadai mahari. Kumbuka kule mahari inatoka kwa mwanamke kwenda kwa mwanaume, na ilishapigwa marufuku tangu 1961. Mume akaandika barua mwenyewe, kwa mkono wake, akisema haoni ubaya wowote wazazi wake kuomba rupia elfu chache, ni kitu cha kawaida. Mahakama za chini zikamwona dada mlalamishi tu, Mahakama Kuu ikaona kuomba pesa kwa mke mwenye uwezo siyo jambo la ajabu. Mahakama ya Juu ikageuza meza: kudai mahari ni kosa kwa sheria, na kumsumbua mtu kwa ajili hiyo ni ukatili. Tena wakasema siyo lazima mtesaji awe amekusudia kukuumiza. Yaani ule utetezi wa "mimi nilikuwa natania, wewe unajisikia vibaya bure" ukafa pale. Barua yake mwenyewe ndo ilimzika.

Mwaka 1993 wakaenda mbele zaidi. Mume wakili alimshitaki mke kwa uzinzi, mke kwenye majibu yake mahakamani akasema mume ni mgonjwa wa akili na ukoo wao una wendawazimu. Majaji wakasema hayo maneno uliyoandika kwenye karatasi za kesi, hayo yenyewe ni ukatili, nendeni mkaachane. Watu wa kutukanana kwenye statasi mjifunze hapo.

Halafu 2007 ikaja ile kubwa. Maafisa wawili wakubwa wa serikali, walioana 1984. Mke alitangaza hataki mtoto kwa miaka miwili na hataki mume azoeane na binti yake wa ndoa ya kwanza, akawa anajipikia peke yake, mume akaugua akafanyiwa upasuaji wa moyo, mke hakwenda hata kumwona. Walishaishi mbalimbali zaidi ya miaka 16. Mahakama ikatoa orodha ya mifano 14 ya ukatili wa akili, ikisisitiza kwamba ni mifano tu. Kejeli na dharau za kila siku, imo. Kunyimana tendo la ndoa muda mrefu bila sababu, imo. Kufunga kizazi bila kumwambia mwenzako, imo. Lakini ubaridi mtupu wa mapenzi peke yake, hapana. Ugomvi wa kawaida wa nyumbani, hapana. Wanaangalia ndoa nzima, siyo ile Jumapili moja mliyogombana.

Mmeona lakini? 1975 mwanaume, 1993 mwanaume, 2007 mwanaume. Kati ya hizi kesi nne zilizojenga maana ya ukatili wa akili, ni moja tu mke ndiye aliyelalamika. Na 2016 Mahakama ya Juu ikasema mke akimshinikiza mume ahame kwa wazazi wake bila sababu ya msingi, huo nao unaweza kuwa ukatili, kwa kuwa kwa mila ya Kihindu kijana anakaa na wazazi. Hiyo mimi siielewi hata kidogo. Mke ndo kahama kwao, kaacha wazazi wake, na hakuna aliyeuita huo ukatili.

Kwa upande wa wanawake, nguvu zaidi ilikuja nje ya sheria ya talaka. 1983 ukatili wa mume au ndugu zake ukawa kosa la jinai, afya ya akili ikitajwa. Sheria ya 2005 ya ukatili wa majumbani ikataja manyanyaso ya maneno na hisia, na ndani yake wakaandika kabisa kumkejeli mwanamke kwa kutozaa au kutozaa mtoto wa kiume. Hiyo haikupi talaka, lakini inakupa amri ya ulinzi na haki ya kubaki kwenye nyumba. Kwa mtu asiye na pa kwenda, hiyo ya nyumba ni kubwa kuliko cheti.

Tarehe 1 Mei 2023, majaji watano wa Mahakama ya Juu walisema wao wanaweza kuvunja ndoa iliyokufa kabisa hata kama mmoja hataki. Ila ni wao tu, kwa mamlaka yao ya kikatiba, na hakuna ruhusa ya kuwaendea moja kwa moja ukaruka mahakama za chini. Bunge halijaiweka hiyo kwenye sheria ya ndoa. Kwa hiyo dada wa jikoni kule mwanzoni, kama mume hakubali kuachana, bado anatakiwa aende mahakama ya familia ya mjini kwake na meseji zake, barua zake na jirani aliyekuwa anasikia kupitia ukutani, aanze kuhesabu siku moja baada ya nyingine.