Arua na Bandari ya Rhino Camp: Mkuu wa Wilaya, Machifu na Njia ya Mto

Historia ya Arua, mji mkuu wa eneo la West Nile nchini Uganda, haielezeki bila Rhino Camp, bandari ndogo iliyo kwenye ukingo wa magharibi wa Nili ya Albert, yaani sehemu ya Mto Nili inayotoka Ziwa Albert na kuelekea Nimule. Bandari hiyo ilikua kwa sababu makao ya serikali yaliwekwa mbali na mto, na ilififia njia ya biashara ilipobadilika.

West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, eneo ambalo Waingereza walimkodisha Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1894 kwa muda wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909, Lado ikawa chini ya Sudan mwaka uliofuata, na sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda mwaka 1914. Mwaka huohuo A. E. Weatherhead, mkuu wa wilaya wa kwanza, alifungua kituo chake Arua, kwenye nyanda zenye mwinuko wa takriban mita 1,200, palipokuwa na wakulima wengi na palipoepukana na mbung'o wa bondeni, wadudu wanaoeneza malale.

Hata hivyo, kituo cha nyandani kilihitaji mlango wa mtoni. Bidhaa zilitoka Butiaba, kwenye Ziwa Albert, kwa meli za mvuke zilizopita Pakwach hadi Rhino Camp, kisha zikapandishwa Arua. Pamba iliteremka kwa njia hiyohiyo, pamoja na vijana waliokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya miwa ya kusini ili wapate fedha za kodi.

Mkuu wa wilaya pekee hakuweza kuiendesha njia hiyo. Kwa kuwa Walugbara, wenyeji wa eneo la Arua, waliongozwa na wazee wa koo, wala hawakuwa na mtawala mmoja, Weatherhead aliteua machifu na kuwatumia Wanubi, jamii iliyotokana na askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Equatoria, akiwemo Fademulla Murjan wa Aringa, kaskazini mwa Arua. Hao ndio waliokusanya kodi na kuwatoa watu kwenda kutengeneza barabara na kubeba mizigo, kazi za lazima zilizozidisha chuki iliyojitokeza katika vuguvugu la Yakan mwaka 1919, ambalo wafuasi wake walikunywa maji yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Ziwa Albert yalipanda na kuiharibu Butiaba, na mwaka 1964 reli ikafika Pakwach. Daraja la Pakwach lilipojengwa baadaye, malori yalivuka Nili bila kupitia Rhino Camp. Arua, kwa upande wake, ilibaki na ofisi, soko na barabara ya Koboko, mji ulio karibu na mahali mipaka ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini inapokutana, na mwaka 2020 ikapewa hadhi ya jiji.

Kwa hiyo mchango wa Weatherhead hupimwa vizuri zaidi kwa mahali alipoweka ofisi kuliko kwa bandari iliyoihudumia: bandari ilitegemea meli, na meli zilipokoma ilipoteza kazi yake, bali makao ya utawala yaliendelea kuvuta kila barabara mpya, zikiwemo zile zilizofunguliwa kwa jasho la watu ambao hawakuulizwa.