Jemadari Asiyeona Uwanja: Historia ya Mapigano ya Mezani

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai 1866, Luteni Kanali von Finckenstein wa jeshi la Prussia alipanda farasi akakata giza la Bohemia kuelekea Königinhof. Alibeba amri ya Helmuth von Moltke, Mnadhimu Mkuu wa Prussia, kwa Mrithi wa Ufalme, aliyekuwa na jeshi zima mbali na uwanja ambao damu ingemwagika asubuhi. Alifika yapata saa kumi alfajiri. Amri ikasomwa, maelfu wakaamshwa, safari ikaanza kwa miguu katika mvua na matope. Wakati wao wako njiani, divisheni ya Jenerali Fransecky ilikuwa inateketea ndani ya msitu wa Swiepwald, ikiwashikilia Waaustria walioizidi sana kwa idadi. Ilipofika alasiri ndipo vikosi vya Mrithi vilipotwaa kijiji cha Chlum, ubavuni mwa Jemadari Benedek wa Austria, na pigano la Königgrätz likaamuliwa.

Siku ile zaidi ya watu laki nne walikuwa uwanjani. Hakuna jemadari wa upande wowote aliyeliona pigano lote kwa macho yake. Reli ilikuwa imeweza kulisukuma jeshi kubwa hadi mpakani, na telegrafu ilifika makao makuu, lakini kuanzia hapo amri ilirudi kwenye mwendo wa farasi na mpandaji aliyechoka. Anayetaka kuyachezea mezani mapigano ya miaka ile hukutana na shida moja kubwa: mchezaji amesimama juu ya meza na anaona kila kilima, kila daraja, kila kikosi cha adui. Ana uwezo ambao Benedek angeulipia kwa chochote. Historia ya kanuni za mchezo huu, nionavyo mimi, ni historia ya watu waliojaribu kumnyima mchezaji uwezo huo.

Majaribio ya mwanzo hayakuligusa jambo hili. Mwaka 1780 Johann Hellwig, mwalimu wa Brunswick, alitanua ubao wa sataranji, akaweka rangi za ardhi kwenye vyumba vyake na kete za askari wa miguu, farasi na mizinga. Ulikuwa mchezo wa akili, ila kila kitu kilikuwa wazi kwa wote wawili.

Mabadiliko yalianzia kwa baba na mwanawe wa ukoo wa von Reisswitz. Mwaka 1812 baba alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm wa Tatu kabati lililokuwa pia meza, lenye droo za vigae vilivyochongwa na kupakwa rangi. Vigae hivyo vikipangwa vilifanya mito, misitu na vijiji, na watoto wa mfalme waliucheza mchezo huo kwa hamu. Lakini kabati la kifalme haliwezi kufika kambi ya luteni. Ni mwana, ofisa kijana wa mizinga, aliyeutoa mchezo ikulu. Mwaka 1824 alichapisha kanuni za kuchezea juu ya ramani halisi za kipimo cha 1 kwa 8,000, kwa vipande vidogo vya madini, vyekundu na bluu. Zamu moja ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita. Hasara za risasi na mizinga zilipatikana kwa dadu, na majedwali yake yalitegemea majaribio ya kweli ya ufyatuaji yaliyofanywa Prussia tangu enzi ya Jenerali Scharnhorst.

Kitu kikubwa zaidi katika kanuni zile ni mwamuzi. Mchezaji hakusogeza kete apendavyo. Aliandika amri, akampa mwamuzi, naye akahesabu muda wa mjumbe kufika kabla kikosi hakijainua mguu. Juu ya ramani mwamuzi aliweka tu vile ambavyo macho ya pande husika yangeweza kuviona. Kikosi kilichofichwa na kilima hakikuwepo mezani. Kijana huyu, akiwa bado luteni, alikuwa ameshatambua kwamba mkuu wa jeshi hupigana na habari pungufu na saa zinazopotea kabla hajapigana na adui.

Jenerali von Müffling, Mnadhimu Mkuu wa wakati huo, alipoonyeshwa mchezo huu alianza kwa baridi. Kadiri ramani ilivyojaa, akachangamka, na mwisho akaahidi kuupendekeza kwa jeshi zima. Mvumbuzi mwenyewe hakula matunda yake. Alihamishiwa Torgau, mbali na Berlin, na mwaka 1827 akajiua. Inaniuma kila ninapofika hapo, kwa sababu maofisa waliokuja kuishangaza Ulaya miaka arobaini baadaye walikuwa wamelelewa kwenye ramani zake. Moltke, aliyekuwa Mnadhimu Mkuu kuanzia 1857, alikuwa mpenzi wa mchezo huu na aliuenzi katika mafunzo.

Baada ya Königgrätz, na zaidi baada ya kuanguka kwa Ufaransa mwaka 1870 na 1871, kila jeshi lilitaka siri ya Waprussia. Uingereza ilipata kanuni zake mwaka 1872 kwa tafsiri ya Kapteni Evelyn Baring, yuleyule ambaye baadaye, akiitwa Lord Cromer, aliitawala Misri kwa zaidi ya miaka ishirini. Jakob Meckel, aliyeandika juu ya mchezo huu, alikwenda Japani mwaka 1885 kuwafundisha maofisa wa huko. Marekani ilikuwa na Livermore na Totten, waliorundika majedwali mpaka kucheza kukawa kazi ya karani.

Uzito wa majedwali wa namna hiyo ulikuwa tayari umemsukuma Julius von Verdy du Vernois, ofisa aliyekuwa makao makuu ya Moltke katika vita vya 1870. Mwaka 1876 aliandika kwamba majedwali na dadu viwekwe kando, mwamuzi mwenye uzoefu aamue mwenyewe. Hoja yake ina nguvu pale mwamuzi anapokuwa Verdy. Akikosekana mtu wa namna hiyo, wachezaji hubaki na ubishi usiokwisha, na wengi wetu hatuna jenerali wa kumwalika sebuleni.

Kwa watu wa kawaida mchezo uliingia kwa mlango wa vitu vya watoto. H. G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars mwaka 1913: askari wa madini sakafuni na mizinga midogo ya springi inayorusha kipande cha mti. Mwaka 1962 Donald Featherstone, pia Mwingereza, alichapisha War Games, na maelfu wakaanza kupaka rangi majeshi yao. Mwamuzi alitoweka. Watu wawili walikaa ana kwa ana, kila mmoja akiona yote, na shida ya Reisswitz ikarudi nzima.

Ikaja na shida ya hesabu pia. Kanuni nyingi zilihesabu sanamu moja kuwa askari 20 au 30. Kwa kipimo cha 30, Königgrätz inadai sanamu 15,000. Hakuna meza wala jioni ya kuwatosha, basi watu walichezea kona ya pigano, daraja moja au shamba moja, huku maamuzi ya Moltke na Benedek yakiwa nje ya meza.

Mwaka 1990 Rich Hasenauer wa Marekani alitoa Fire and Fury, kanuni za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, na kwangu hapo ndipo fundo lilipofunguka. Kete ya msingi ikawa brigedi. Kabla ya kusogea, kila brigedi hurushiwa dadu: yaweza kwenda mbio, kujikokota, kusimama palepale, au hata kurudi nyuma. Brigedi iliyochakaa hutii kwa shida; jenerali akiwa karibu, mambo huwa mepesi kidogo. Mchezaji anaona kilima cha Gettysburg kiko wazi, anajua lazima akikalie, na askari wake hawaendi. Dadu moja limeingia mahali pa mwamuzi, karatasi na mjumbe wa farasi. Miaka minne baadaye Volley & Bayonet ilifanya zamu moja kuwa saa nzima, na inchi moja kuwa yadi 100. Mwaka 2014 Bloody Big Battles ya Chris Pringle ikaufuata mkondo wa Hasenauer mpaka kwenye pigano la Solferino na vita vya 1870, kibao kimoja kikisimama badala ya askari elfu moja au zaidi, ili pigano zima liishe kwa jioni moja.

Limebaki fundo ambalo dadu halijalifungua. Tarehe 18 Agosti 1870 Walinzi wa Kifalme wa Prussia walipandishwa mteremko mtupu kuelekea kijiji cha St Privat, kilichoshikwa na Wafaransa, kabla Wasaksoni, washirika wa Prussia, hawajamaliza kuzunguka kwa kaskazini. Bunduki ya Kifaransa ya Chassepot ilifika karibu maradufu ya ile ya Kiprussia, na Walinzi wapatao 8,000 waliuawa au kujeruhiwa. Anayecheza leo ameshasoma habari hizo, kwa hiyo anasubiri: anaacha mizinga ya Krupp itwange kijiji, anawangoja Wasaksoni, anashinda kwa bei nafuu. Baadhi ya watunzi humwekea idadi ya zamu isiyomtosha kusubiri. Wengine huficha saa ya Wasaksoni kufika, ijulikane kwa dadu tu. Mimi niko na hawa wa pili, kwa kuwa makamanda wa Walinzi jioni ile hawakuwa na hakika Wasaksoni wako wapi, na kanuni inayompa mchezaji hakika hiyo imeshamwondoa St Privat kabla hajagusa kete.